Kuzima kwa Mbali

Ubao wetu wa kwanza wa taa ulikuwa ubao kweli: kipande cha mbao chenye swichi nane za ukutani, za aina ile ile uliyonayo chumbani, kimesimikwa nyuma ya pazia. Ilikuwa miaka ya 90, ukumbi wa dansi Dar es Salaam, na aliyekaa pale nilikuwa mimi. Taa moja ilikula wati 1000. Ukiwasha zote na kuziacha nyimbo mbili tatu, swichi zinapata moto hadi unanusa plastiki. Mwenzangu aliyekaa mbele alinipa ishara kwa tochi: mmweko mmoja nyekundu, miwili buluu. Mwimbaji akiingia mapema, shauri yake, ataimbia gizani.

Kwa hiyo miaka mingi niliwasha maonyesho nisiyoyaona. Nilichokijua ni migongo ya wanamuziki.

Kisha zikaja dima, vifaa vya kufifisha taa, na pamoja nazo meza ndogo ya taa yenye waya mmoja mwembamba. Waya ule haukubeba umeme wa taa, ulibeba maagizo. Lugha yake, DMX512, ilitungwa Marekani mwaka 1986, na waya mmoja unachukua chaneli 512. Kila kifaa kina anwani, ambayo siku hizo tuliipanga kwa vijiswichi vilivyo mgongoni mwake, vidogo kama punje za mchele: cha kwanza ni 1, cha pili 2, cha tatu 4, cha nne 8, na kuendelea. Ukitaka anwani 13, inua cha kwanza, cha tatu na cha nne. Hesabu hizo nimezifanya sana juu ya ngazi, tochi mdomoni.

Aibu yangu ni mashine ya moshi. Niliichomeka kwenye dima kama vile ni taa. Balbu ukiipunguzia umeme hufifia kwa adabu. Pampu haijui kufifia, inataka umeme kamili au isipewe kabisa. Ilinguruma, ikakohoa, ikafa kabla ya wimbo wa pili. Tangu hapo moshi na mota ya mpira wa vioo nikavipitisha kwenye sanduku la rilei, lenye kazi mbili tu: washa, zima.

Usiku wa kwanza niliokaa nyuma ya watazamaji na meza yangu, nilichelewa kubadili rangi mara mbili. Nilikuwa natazama.

Ila kuzima kwa mbali si kukata umeme. Meza ikiwa sifuri, dima bado ina umeme ndani. Na waya wa maagizo haukagui kama ujumbe umefika salama, ndiyo maana kanuni zake zenyewe zinaonya usitumike kulipua fataki. Ukipanda kubadili balbu, shusha swichi kubwa kwa mkono wako mwenyewe, na uache mtu asimame pale hadi ushuke.