Nyama ya Kuchoma Huchaguliwa Buchani

Muuza nyama wa mtaani kwetu hukuuliza swali moja tu: "Steki au mchanganyiko?" Ukijibu steki, hukata pande lolote lisilo na mfupa, akapima, akafunga. Kwa mchuzi, jibu hilo latosha. Kwa nyama itakayowekwa juu ya makaa halitoshi hata kidogo, kwani steki ya shingo na steki ya mgongo ni nyama mbili zisizofanana.

Kilichonilazimu kujifunza haya ni mzee wangu. Umri wake ni miaka 80 na ushei, na magego yake yamekwisha. Kila Ijumaa baada ya swala hukusanyika uani kwangu na kuchoma nyama, naye akaanza kusema ameshiba kabla sinia halijamfikia. Niliona wazi kuwa alistahi kutafuna muda mrefu mbele ya wajukuu. Kumsagia nyama yake peke yake kungekuwa kumtenga na sinia. Ilinipasa kutafuta nyama ambayo sote tungeila pamoja naye.

Jambo la kutazama kwanza ni kazi ya kiungo. Muundi, shingo na mkono humbeba ng'ombe maisha yake yote, kwa hiyo nyuzi zake ni ngumu na zimefungamana na kano. Ni nyama tamu mno, lakini hutaka maji na moto wa polepole. Makaa huzikausha kabla hazijalainika. Sarara, ule msuli mrefu uliolala ndani kando ya uti wa mgongo, karibu haufanyi kazi yoyote. Ndiyo laini kuliko zote, nayo ni chache na ghali. Mimi huchukua nyama ya juu ya mgongo, kuanzia mbavuni hadi kiunoni, kwa kuwa ladha yake imekolea na ina ukingo wa mafuta. Mafuta hayo yakiwa ya manjano, usiogope: ni rangi ya majani aliyokula ng'ombe, wala si ugonjwa.

Ng'ombe wetu wa nundu, aliyelishwa malishoni, hana ile michirizi ya mafuta ndani ya nyama aliyonayo ng'ombe wa Marekani aliyenoneshwa kwa nafaka. Basi tafuta unene. Kipande cha sentimita 3 huiva nje kikabaki na maji yake ndani; chembamba hugeuka ngozi ya kiatu. Ikataeni pia nyama nyeusi inayonata. Mara nyingi hiyo ni ya mnyama aliyefika machinjioni akiwa hoi kwa safari ndefu ya lori, nayo huharibika upesi. Na mhuri wa mkaguzi uuone kwa macho yako.

Wapo wanaochoma hadi nyama iwe mkaa kwa kudhani kila maji mekundu ni damu. Damu inayotiririka hutoka wakati wa kuchinja. Yale maji ni unyevu wa msuli wenyewe pamoja na rangi yake. Hata hivyo siwashauri kuila mbichi katikati, kwa kuwa tegu wa ng'ombe wapo. Iive hadi ndani, kisha iondolewe motoni papo hapo.

La mwisho, ambalo kwangu ndilo kubwa, ni subira. Saa chache baada ya kuchinjwa misuli hukakamaa, na nyama inayochomwa katika hali hiyo humshinda hata kijana. Ikikaa kwenye jokofu siku tatu, ikiwa imefunikwa vizuri, hulainika yenyewe. Siku hizi hununua Jumanne kwa ajili ya Ijumaa, na mzee hudai nyongeza. Papai bichi nalo husaidia, lakini lisizidi saa moja, la sivyo nyama huwa uji. Ikishaiva, iache itulie dakika tano, kisha ikate kwa kukingama nyuzi zake.

Idd ya kuchinja haitungojei siku tatu, najua. Watoto wamesimama jikoni tangu asubuhi. Siku hiyo wachomeeni maini, ambayo hayahitaji kulala, na mgongo uwekeni kwenye jokofu hadi siku za tashriki.