Taa Moja, Swichi Mbili

Katika Katuba, mjini Lubumbashi, nyumba nyingi zina jiko nje. Kiwanja chote, pamoja na nyumba, jiko na choo, watu hukiita lupango. Usiku mama atokaye nyumbani kwenda kutazama mbabula yake hupita gizani, penye mawe na vidimbwi vya mvua.

Baba mmoja alitaka kuliondoa giza hilo. Alitaka taa moja kwenye ukuta wa jiko, iwashwe mlangoni pa nyumba na kuzimwa jikoni, au iwashwe jikoni na kuzimwa nyumbani. Tena alitaka soketi ya pasi huko jikoni. Akaita fundi. Mwanawe mdogo akafuata, akatazama kila kitu.

“Kazi hii huitwa va-et-vient kwa Kifaransa,” alisema fundi, “maana yake kwenda na kurudi.” Swichi ya kawaida hufungwa nyaya mbili, lakini kila moja ya swichi hizi hufungwa nyaya tatu. Kati ya swichi na swichi kuna njia mbili. Kila swichi huchagua njia moja. Zote zikichagua njia ile ile, umeme hupita na taa huwaka. Zikichagua njia mbalimbali, umeme hukwama na taa huzimika.

Mtoto akahesabu nyaya zilizovuka ua: mbili za swichi, wa tatu wa kupeleka umeme kwenye soketi, wa nne wa kuurudisha, na wa tano, wenye rangi ya kijani na njano, uendao ardhini. Zote zilikuwa za shaba, madini yaliyoleta kujengwa kwa mji huo tangu mwaka 1910. Fundi hakuzitundika karibu na kamba ya nguo. Alizipitisha ndani ya bomba, katika mtaro wa kina cha sentimita 60, jembe lisizifikie.

Kazi ikaisha, taa ikawaka. Mara mtaa mzima ukawa giza, kwani Lubumbashi umeme hukatika mara nyingi. Mtoto akachukua bisibisi ili aifungue swichi, azione tena zile nyaya tatu.

“Baba, taa imekufa, hakuna hatari,” alisema.

Fundi akamshika mkono. “Mwanangu, umeme wetu watoka mbali, katika mito ya Lufira na Lualaba. Mitambo ya Mwadingusha ilianza kazi mwaka 1930. Umeme ukirudi, haupigi hodi. Tena, hata taa hii ikizimwa kwa swichi, mmoja wa waya zile mbili ungali na umeme. Wala usiitazame swichi imelala upande gani. Mtu wa jikoni aweza kuwa ameigeuza ya kwake. Kabla ya kugusa, zima swichi kuu nyumbani, inayokata umeme wa taa na wa soketi pamoja. Kisha pima kwa kipimo.”

Hazikupita dakika nyingi, taa ikawaka bila mtu kuibonyeza. Mtoto akautazama mkono wake, akarudisha bisibisi katika mfuko wa fundi.

Watoto, kumbukeni: taa iliyozimika si waya uliokufa.