Dakika 41

Kaburi la baba liko kama hatua 20 kutoka dirisha la chumba changu. Nikiinua macho kwenye kibodi, nalo liko pale, na vigae vyake vyeupe na kuku wa jirani juu yake. Nimeliona karibu kila siku tangu Julai 2020. Mazishi yenyewe sikuyaona.

Aprili mwaka huo serikali ilifunga Nairobi, hakuna kuingia wala kutoka, na matanga yakaruhusiwa watu 15 tu. Baba akafariki Mei. Mimi nilikuwa mwaka wa pili, chuo kimefungwa, nimekwama kwenye chumba cha kukodi nikiandikia watu wa ng'ambo makala za kuuza magodoro. Binamu yangu akarekodi kila kitu kwa iPhone yake, 4K, halafu akanipa kwenye flashi nilipofika Otonglo hatimaye. Dakika 41. Karibu gigabaiti 7. Chuo sikurudi. Hiyo ni hadithi ya karo, tuiache.

Kompyuta yangu ni Dell OptiPlex 7010, ile nyembamba. Wauzaji huziita ex-UK, maana yake imechoka kwenye ofisi ya Uingereza ndipo ikaletwa kwetu ianze maisha upya. Kwa kuandika haina neno. Lakini nilipofungua ile faili, picha ilienda sekunde mbili ikaganda kwenye kiatu cha mtu, na sauti ikaendelea. Watu wanaimba, kiatu kimesimama. Nikazima. Nikajiambia mashine haiwezi.

Na kweli haikuweza. iPhone hubana video za namna hiyo kwa H.265, mfumo uliopitishwa mwaka 2013. Prosesa yangu ni ya 2012. Yaani inasomeshwa lugha iliyokuja baada yake, kwa hivyo inalazimika kupiga hesabu ya kila picha kwa jasho lake, picha 30 kwa sekunde, na kila picha ya 4K ina nukta zaidi ya milioni 8.

Jibu hilo lilinifaa miaka mitano. Mama akiuliza, "Ile video ya baba yako?" mimi, "Mashine, Mama." Akawa ananyamaza.

Halafu mwaka jana daktari akamwambia ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Jioni moja anachambua omena, akasema bila kuniangalia, "Wuoda, mimi nataka kuona siku ile nikiwa bado naona. Na si kwa simu. Kwa kitu kikubwa."

Basi nikaanza kutafuta kadi ya grafiki. Mtu asiyewahi kutafuta kadi kwa pesa kidogo hajui mateso. Nilipata GTX 1050 Ti kwa bei ya kutupa, nikakaribia kutuma pesa, ndipo nikasoma kwamba kuna kadi kuukuu zinazobadilishwa programu ya ndani ili zijitambulishe kwa jina la kisasa. Ziko nyingi hadi programu ya GPU-Z ikaongezewa uwezo wa kuzifichua. Nikarudi nyuma. Halafu kuna mwili wa mashine yenyewe: pawasaplai ni wati 240 tu, na nafasi ndani ni ndogo, kadi ya kawaida haiingii. Kilichobaki ni GT 1030 ya NVIDIA, ya 2017. Wacheza gemu huicheka. Lakini inakula wati 30, haitaki waya wake wa stima, kuna zilizotengenezwa fupi, na H.265 inaijua. Sikutaka gemu mimi. Nikalipa 6,500, pesa ya wiki mbili za magodoro.

Niliifunga Jumamosi. Nikabadilisha kile kibati cha nyuma nikaweka kifupi, nikaichomeka, nikawasha. Giza. Nilikuwa nimeacha waya wa monita kwenye tundu la zamani, na ukiweka kadi lile tundu linalala. Nikataka kuuhamisha: monita yangu ni ya VGA, kadi ina HDMI na DVI-D. Haviingiliani. Ikabidi nipande matatu hadi tauni kutafuta kigeuzi.

Fundi aliyeniuzia aliuliza ni cha kazi gani. Nikamweleza. Akacheka. "Bana, si ungegeuza tu hiyo faili? Unaiacha usiku, asubuhi iko sawa. Bure."

Nilijua. Nilijua tangu 2020, programu ya kufanya hivyo ilikuwa tayari kwenye hiyo hiyo kompyuta. Sikumjibu. Nikalipa.

Jioni Mama akavuta kiti hadi pua ikakaribia kioo. Picha ikatembea kama maji. Kile kiatu kikapiga hatua, kumbe kilikuwa cha mjomba. Mama akawa anawataja mmoja mmoja, akihesabu 15. Jeneza likaletwa. Mimi nikawa naangalia namba ya prosesa kwenye kona, asilimia 9, asilimia 11, mradi nisiangalie katikati.

Dakika ya 26 nikasikia sauti yake kwenye spika, Dholuo, anaongea na jeneza. Kwamba kijana wako yuko Nairobi na barabara zimefungwa. Kwamba si yeye aliyekataa. Usimwekee kinyongo, udongo wake nitakutupia mimi. Kisha akainama, akachota mara mbili.

"Rudisha hapo," Mama akasema.

Nikarudisha. Mara ya pili nikaangalia mkono wake.

"Hicho kitu ulichonunua ni pesa ngapi?"

"Elfu sita na mia tano."

Akaguna. "Na tokeni?"

"Ziko."

"Basi weka tena kutoka mwanzo. Ule mwimbo wa kwanza sikuona nani alianzisha."