Jua la Mautuma Si Jua la Pwani

Sisi tulio Pwani, stima ikikatika twajua pa kukimbilia: jirani yupo, duka li karibu, na mara nyingi taa huwaka tena kabla chakula hakijapoa. Shangazi yetu aishiye Mautuma, Lugari, katika kaunti ya Kakamega, hana cha kungojea kirudi, kwani umeme haujapata kumfikia. Nguzo zapita barabarani. Boma lake liko ndani, mbali na transfoma. Kila magharibi wasichana wa majirani huja kusomeshwa kwake kwa mwanga wa kibatari, na moshi wa kibatari hicho, pamoja na wa kuni za jikoni, umemkaa kifuani.

Tulipokutana ndugu kuchanga, rai zilikuwa mbili: wengine jenereta, wengine paneli kubwa za sola. Mwenyewe tulimpigia simu, naye akajibu kwa upole: "Wanangu, jua lenu si letu. Huku alasiri ni mvua." Ni kweli, Kakamega ni nchi ya mvua nyingi, na mawingu yake hupenda kutanda mchana ukishageuka. Jenereta nayo hutaka petroli kila wiki, na mchango hutolewa mara moja.

Hapo ndipo tulipoufahamu umeme mseto. Huko Habaswein, katika kaunti ya Wajir, jua, upepo na dizeli vimeunganishwa kuwasha mji mmoja. Hekima yake ni nyepesi: vyanzo visivyochoka kwa wakati mmoja hufaana. Pwani tumeruzukiwa kusi na kaskazi. Mautuma haina pepo hizo, lakini ina ng'ombe.

Tukapiga hesabu. Balbu ya wati 5 ikiwaka saa 6 hutumia wati-saa 30. Birika la umeme la wati 1,500 likichemka dakika 5 hutumia wati-saa 125, yaani zaidi ya balbu nne za usiku mzima. Basi kilaji kikubwa ni moto, si mwanga. Mwanga ukiachiwa jua, na moto ukiachiwa samadi, paneli ndogo na betri moja hutosha. Samadi ya ng'ombe wawili au watatu wafugwao zizini, ikichanganywa na maji kiasi sawa, hutoa gesi ya kupikia familia, na masalio yake ni mbolea ya mahindi. Mawingu hayaizuii.

Kuna jambo lililotutia simanzi. Mradi wa KOSAP, ulioidhinishiwa fedha na Benki ya Dunia mwaka 2017, umelenga kaunti 14 zilizoachwa nyuma, na zetu za Lamu, Kilifi, Kwale, Tana River na Taita Taveta zimo. Kakamega haimo. Haki ya waliomo haina shaka. Lakini mjane aliye katika kaunti yenye nyaya, na nyaya zisimfikie, giza lake ni lile lile, ila halionekani katika orodha.

Kwa hiyo, mwenye kutaka kumsaidia jamaa wa mbali, na aulize kwanza: kwenu mawingu hutanda lini? Mna mifugo au upepo? Ni nani atakayekitunza chombo? Shangazi alisisitiza kwamba fundi amfundishe yeye na wasichana wake: kufuta vumbi kwenye paneli, kukaza nyaya za betri, kuzima taa kabla betri ya asidi haijashuka chini ya nusu, kwani kuimaliza kabisa ndiko kunakoiua.

Betri hiyo itachoka baada ya miaka michache. Wasichana wale wameanza kuweka shilingi chache kila Ijumaa katika mkebe anaoutunza shangazi, nasi twatia fungu letu kila mwezi. Akiba haiozi. Taa iliyoletwa na ndugu ni zawadi. Itakayonunuliwa kwa mkebe ule itakuwa yao wenyewe.