Hodi Kabla ya Ufunguo

Hodi! Hodi! Hodi wenyewe! Nimebisha mara tatu kama nilivyofunzwa nyumbani, na nikisikia "karibu" ndipo nitakapoingia. Msomaji mpendwa, huenda unajiuliza mbona naanza makala yangu mlangoni kama mgeni. Tulia, soma polepole. Mwisho wa makala utakubaliana nami kwamba neno hili dogo, hodi, lina uzito kuliko kufuli.

Likizo ya Agosti mwaka jana nilisafiri na mama kutoka Voi hadi Nairobi. Mama alikuwa na miadi ya hospitali saa mbili asubuhi, na kwa kuwa hatuna jamaa huko jijini, ilitubidi tulale gesti. Haikuwa hoteli ya kifahari. Ilikuwa nyumba ya ghorofa yenye vyumba vidogo vidogo, lakini mashuka yalikuwa meupe na maji moto yalikuwako. Tuliandika majina yetu na nambari ya kitambulisho cha mama katika daftari la wageni, tukalipa, tukapewa ufunguo. Niliufunga mlango mimi mwenyewe, nikajitupa kitandani na kulala usingizi wa pono.

Nilirauka alfajiri, nikaoga. Ndiyo kwanza natoka bafuni, nimejifunga leso moja tu na maji yakinidondoka, niliposikia ufunguo ukizungushwa kitasani kutoka nje. Kabla sijafungua kinywa, mlango ukafunguka paa! Wakaingia masoja wawili waliovaa sare.

"Ukaguzi!" akasema mmoja wao. Hakuna hodi, hakuna samahani.

Nilijibanza nyuma ya pazia, moyo ukinidunda kama ngoma. Mama alikuwa ameketi kitandani akijifunga kitambaa kichwani. Akauliza kwa upole, "Kwani kuna nini, wanangu?"

"Hakuna kitu, mathe. Ni maagizo ya bosi. Siku hizi mambo ya usalama ni lazima."

Wakainua godoro. Wakachungulia chini ya kitanda. Kisha mmoja akalivuta begi la mama na kufungua zipu, akawa anatoa nguo moja moja, hata zile ambazo mtu hazianiki mbele ya wageni. Chini kabisa akakuta mfuko wa karatasi wenye chupa tatu za dawa. Akainua moja, akasoma kwa sauti jina la mama na jina la dawa, mlango ukiwa wazi na watu wakipita nje.

"Hizi ni za nini?" akauliza.

Mama alinitazama. Akanyamaza kitambo, kisha akautaja ugonjwa wake.

Msomaji, hadi dakika ile sikuwa najua. Nilikuwa nimeambiwa kwamba tunaenda kupimwa presha tu. Mama alikuwa amepanga kuniambia mwenyewe, kwa wakati wake na kwa maneno yake, baada ya kuonana na daktari. Badala yake nilizipata habari zile nikiwa nyuma ya pazia, maji yakinidondoka, mbele ya wanaume wawili nisiowajua. Usiniulize ni ugonjwa gani. Nikikutajia, begi lile litakuwa limefunguliwa mara ya pili.

Masoja walisema "haya, pole mathe", wakaenda zao. Mama akakunja nguo zake moja baada ya nyingine. Mikono ilimtetemeka. Alichosema ni hiki tu: "Vaa upesi, tutachelewa."

Hasira niliyotoka nayo Nairobi ilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Likizo ya Desemba nilipoenda Mombasa kumtembelea mama mdogo, bado nilikuwa nayo. Mama mdogo anakaa Kisauni, na kwa miaka mingi amefanya kazi ya kusafisha vyumba katika hoteli moja ya ufuoni. Jioni moja, tukipepeta mchele barazani, nilimweleza yote. Nikamaliza kwa kishindo: "Mama mdogo, hii mambo ya kukagua vyumba ipigwe marufuku! Mgeni amelipa, amefunga mlango, basi chumba ni chake. Na Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 31, inasema kila mtu ana haki ya faragha. Asipekuliwe yeye, wala nyumba yake, wala mali yake."

Nilidhani atanipigia makofi. Wapi! Aliweka ungo chini, akanitazama.

"Mamako alinipigia simu siku ile ile, akalia. Nami nikalia. Lakini haya, mwanangu, wasema vyumba visikaguliwe kabisa. Ngoja nikwambie."

Akanisimulia habari ya hoteli ya Norfolk, Nairobi. Desemba 31, 1980, watu wakila na kusherehekea mkesha wa mwaka mpya, bomu lililipuka, na watu zaidi ya 10 wakapoteza maisha. Bomu lile halikurushwa kutoka barabarani. Lilitegwa ndani ya chumba, na mshukiwa alikuwa amepanga kama mgeni mwingine yeyote.

Akanikumbusha pia Kikambala, ambako si mbali na kwao. Novemba 28, 2002, gari lenye mabomu liliivamia hoteli ya Paradise, wakafa Wakenya 10 na Waisraeli 3. Miongoni mwa Wakenya hao walikuwamo wacheza ngoma waliokuwa wakiwakaribisha wageni. "Tangu siku ile," akasema, "ukiona askari wa lango amulika kioo chini ya gari, usimcheke."

Kisha akaja kwa lile walilofunzwa katika semina ya wafanyakazi. Oktoba 1, 2017, huko Las Vegas, Marekani, mwanamume mmoja alikuwa amepanga chumba ghorofa ya 32. Kwa siku kadhaa alikuwa akipandisha mabegi, zaidi ya 20, na ndani yake mlikuwa na bunduki. Usiku huo akawamiminia risasi watu waliokuwa katika tamasha la muziki ng'ambo ya barabara. Watu 58 waliuawa, na majeruhi wengine 2 wakafariki miaka ya baadaye. Baada ya msiba huo hoteli kadhaa kubwa za Marekani zilibadilisha kanuni zao. Kile kibao cha "Usisumbue" kinachoning'inizwa mlangoni hakikuwa tena ngao ya siku nzima nzima. Baada ya muda fulani mfanyakazi ataingia kuona kama kuna usalama.

"Wala si mabomu tu," akaendelea. "Hapa kwetu kulikuwa na mzee mmoja, mgeni, aliyetundika kibao kile siku mbili. Zamani tungemwacha. Lakini kanuni mpya yasema siku ikipita tupige simu. Tukapiga, kimya. Tukabisha, kimya. Tukaingia wawili, mimi na msimamizi. Tulimkuta kaanguka bafuni, sukari imemshuka, hajitambui. Leo yu hai. Je, tungeheshimu kibao?"

Nilikosa la kujibu. Nikakumbuka kwamba katika Katiba hiyo hiyo iko Ibara ya 24, isemayo kuwa haki inaweza kuwekewa mipaka, mradi mipaka hiyo iwekwe na sheria na iwe ya kiasi. Kumbe nilikuwa nimejifunza ukurasa mmoja nikauruka mwingine!

"Kwa hiyo wale masoja walifanya vyema?" nikauliza, shingo upande.

"Hapana! Wale walifanya uhuni." Mama mdogo alikasirika kuliko mimi. "Kukagua ni kazi, na kila kazi ina njia yake. Sikiza."

Akaanza kuhesabu kwa vidole. Kwanza, abisha na kujitaja yeye ni nani. Angoje. Abisha tena, angoje tena. Kimya kikiendelea, afungua mlango kidogo tu na kuita. Akisikia mtu, aomba radhi na kurudi baadaye. Pili, akiwa ndani auacha mlango wazi na toroli lake limekaa kizingitini, ili kila apitaye ajue chumba kina mfanyakazi. Tatu, atazama vilivyo wazi: dirisha, nyaya za umeme, bomba livujalo, mtu aliyetundika jiko la kupikia asipofaa kupikia. Mabegi hayagusi. Droo hafungui. Nne, kukiwa na shaka ya kweli aita wakubwa, na begi lafunguliwa na mwenyewe, mwenyewe akiwapo, na shahidi akiwapo. Tano, kila jambo laandikwa kwa saa na jina.

"Hayo maandishi yaliniokoa," akasema. "Mgeni mmoja alisema mkufu wake umeibwa, na mimi ndiye niliyeingia chumbani. Hoteli yetu yatumia milango ya kadi, na kitasa chenyewe chahifadhi kadi gani ilifungua na saa ngapi. Wakatazama, wakaona niliingia saa nne na mkufu ulionekana shingoni mwake chakula cha mchana. Jioni ukapatikana chini ya mto. Na wajua, mimi nakaguliwa mkoba kila nikitoka kazini. Kwa hivyo nayajua maumivu ya mamako. Mkono wa mtu mwingine ndani ya mkoba wako si jambo dogo."

Nikamuuliza kama huwa haoni siri za watu humo vyumbani. Akacheka. "Siri ya mtungi aijuaye kata. Lakini umewahi kuisikia kata ikipita mitaani ikitangaza?"

Baadaye niligundua kwamba hata huko Marekani suala hili limeumiza watu vichwa. Tangu mwaka 1964 mahakama yao ya juu iliamua kwamba karani wa hoteli hawezi kuwaruhusu polisi kupekua chumba cha mgeni. Ruhusa si yake kuitoa. Na baada ya kanuni kukazwa, Agosti 2018, wageni waliohudhuria mkutano wa wataalamu wa kompyuta huko huko Las Vegas walilalamika kwamba walinzi waliwaingilia vyumbani. Miongoni mwao walikuwamo wanawake waliokuwa peke yao, wasiojua kama aliye mlangoni ni mlinzi kweli au mhalifu. Ama kweli, dawa ikizidi kipimo huwa sumu.

Lakini sijafika mwisho. Tulipokuwa tukiinuka barazani, mama mdogo aliniuliza swali moja tu. "Wewe si kiranja wa bweni? Mkikagua masanduku ya wenzenu, wewe wabisha hodi?"

Lahaula! Nilihisi kama nimemwagiwa maji baridi.

Wenzangu wa bweni mnakumbuka. Muhula wa pili tulifanya msako wa simu na viberiti. Nilifika kwenye sanduku la msichana mmoja wa kidato cha chini, nikalimwaga lote sakafuni. Sikumngoja afungue. Ndani mlikuwa na daftari. Daftari si simu, daftari si kiberiti, lakini nililifunua, nikasoma mistari miwili kwa sauti. Ilikuwa barua aliyokuwa akimwandikia babake aliyefariki. Bweni zima likaangua kicheko, nami nikacheka. Sasa niambie, mimi na yule soja wa Nairobi tuna tofauti gani? Yeye alikuwa na sare ya kampuni na mimi nilikuwa na sweta ya shule, basi.

Sisemi mabweni yasikaguliwe. Machi 2001, wanafunzi 67 wa Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos, waliteketea bwenini katika moto uliowashwa kwa petroli. Anayejua habari hiyo hawezi kusema kila mtu afiche apendacho sandukuni. Tahadhari kabla ya hatari. Lakini petroli haifichwi katikati ya kurasa za daftari.

Shule zilipofunguliwa nilimwita yule msichana kando, nikamwomba msamaha. Alinisikiliza, akasema, "Yamepita, dada." Kisha akaongeza, "Lakini tangu siku ile sijaandika tena." Maneno hayo sijui nitayalipa kwa nini.

Siku hizi, kwa ruhusa ya mama matroni, tunakagua kwa njia nyingine. Tunatangaza mlangoni. Tunakwenda viranja wawili. Kila mtu anafungua sanduku lake kwa mkono wake. Karatasi hazisomwi. Kinachochukuliwa kinaandikwa mbele ya mwenyewe. Msako wa mwezi jana tulipata viberiti vitatu na waya uliochunwa, na hakuna aliyelia.

Na mama? Tuliporudi Voi aliniketisha jikoni, akanieleza upya, polepole, kana kwamba sikuwahi kusikia. Nilimsikiliza kana kwamba sikuwahi kusikia. Anaendelea na dawa zake na anaendelea vizuri. Makala haya ameyasoma yeye kwanza kabla sijampa mhariri. Nilimpelekea, nikasema, "Hodi, mama, naweza kuandika?" Akanyamaza kidogo, akasema, "Karibu. Lakini chupa ziache begini."

Basi chupa nimeziacha begini. Nawe msomaji, uwe mlinzi, kiranja, mwalimu au mzazi, siku utakapokabidhiwa ufunguo wa mlango wa mwenzako, bisha kwanza. Bisha, jitaje, kisha ngoja.