Madafu na Nazi Ubaoni

Mwaka 2008, nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja ya upili huko Msambweni, nilikabidhiwa masomo mawili, Kiswahili na Hisabati. Kidato cha kwanza kilikuwa kinaianza aljebra, na daftari baada ya daftari nilikuta 3d + 5n + 4d imekuwa 12dn. Kanuni yenyewe ni fupi: hujumlishwa vile tu vyenye herufi ile ile na kipeo kile kile. (Nitaviita vipashio vinavyofanana, kwa kuazima neno la darasa la sarufi.) Wanafunzi walikuwa wameikariri kwa Kiingereza bila kukosea hata silabi, wala haikuwafaa kitu.

Nikaona niwaletee ngeli. Nikasema d ni dafu na n ni nazi. Madafu yameanguka, nazi zimeanguka. YA na ZI hazikai chungu kimoja. Nilijiona nimevumbua jambo. Ndipo kijana mmoja wa nyuma, mwana wa mgema, akainua mkono: "Mwalimu, kwani dafu likiachwa mnazini si huwa koroma, kisha likawa nazi?" Darasa likaangua kicheko, nami, nakiri kwa haya, nikacheka nalo. Juma lile lote hakuinua mkono tena.

Swali lake lilinirudia nikiwa ndani ya matatu ya kwenda Ukunda. Kijana alikuwa na haki. Tena koroma na makoroma ni LI-YA sawa na dafu; kwa hoja yangu ningelazimika kuyajumlisha na madafu! Kosa lilikuwa langu: niliifanya herufi kuwa jina la tunda, ilhali herufi husimama mahali pa namba ambayo bado hatujaijua. Al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu chake cha al-jabr huko Baghdad yapata mwaka 820, hakutumia herufi kabisa. Namba isiyojulikana aliiita "kitu" au "mzizi", na mraba wake akauita mal, yaani neno lile lile tunalolitamka sisi mali. Mizizi mitatu na mali mbili hazikuwa tano ya chochote, kwa kuwa hakuna ajuaye mzizi mmoja una thamani gani.

Jumatatu nilimwomba radhi mbele ya wenzake, nikampa chaki. Nikamwambia, tuseme d ni bei ya dafu moja, shilingi 30, na n ni bei ya nazi moja, shilingi 20. Akapiga hesabu: 7d + 5n ikampa 310. Alipoijaribu 12dn akapata 7,200, akaguna. "Matunda kumi na mawili? Nani atanunua?"

Darasa likacheka, safari hii pamoja naye. Alikuwa bado ameukabili ubao.

"Na siku bei zikilingana, mwalimu?"

Nikamwambia siku hiyo ana ruhusa ya kuandika 12d. Akaiandika pembeni, akaizungushia duara.