Mfuko wa Hariri Juu ya Mkarati

Neno nondo likitajwa, wengi wetu humfikiri yule mharibifu wa nguo sandukuni, yule atajwaye katika Injili pamoja na kutu. Walakini jamaa ya nondo ni kubwa mno, na aghalabu yao hawana haja na nguo zetu. (Hata huyo wa nguo, anayekula si yule arukaye, bali ni mtoto wake, yaani kiwavi.) Nondo tutakayemweleza hapa hukaa msituni, nasi tuishio kandokando ya msitu wa Kakamega, magharibi ya Kenya, twaweza kuwa jirani zake miaka mingi tusimjue, kwa sababu tumemzoea katika umbo moja tu.

Umbo hilo ni mfuko. Huonekana katika matawi ya mti uitwao mkarati, ambao wengine huuita mwiza. Rangi yake ni ya udongo, nao ni mgumu kama ngozi iliyoanikwa juani, mara nyingi mkubwa kuliko ngumi ya mtu.

Mfuko wa namna hiyo ulipoonekana katika mkarati ulio nyuma ya darasa letu, maneno yakawa mengi. Wanafunzi wengine walisema ni kiota cha ndege, wengine ni nyumba ya nyigu. Mzee mmoja jirani, ambaye ndiye aliyeupanda mti ule, akaja na panga mkononi.

"Walimu," akasema, "watoto wanajikuna tangu juzi. Afadhali niukate mti huu, niuchome pamoja na mfuko wake."

Tukamjibu, "Mzee wetu, twakuomba utuachie kwanza tumjue mwenye nyumba. Akiwa ni adui, moto tutauwasha sisi wenyewe."

Akacheka, akakubali, lakini kwa sharti: shina la mti lizungushiwe miiba, mtoto yeyote asipite chini yake. Sharti lile lilikuwa la haki. Kiwavi wa nondo huyu ana nywele nyembamba ziwashazo vibaya, nazo husalia ndani ya mfuko hata baada ya mwenyewe kubadilika. Zikiingia machoni, maumivu yake si ya mchezo.

Basi, tukajifunga vitambaa mikononi, tukalikata tawi lenye mfuko, tukalitundika ndani ya sanduku lililofunikwa wavu. Juu ya sanduku tukaandika jina la mti na tarehe. Wasomaji wengine watashangaa kwa nini tuliandika jina la mti kwanza, nasi twawaambia kwamba kwa mtu atakaye kumtambua nondo, mti ni kama nusu ya jina lake. Ndege waweza kumjua kwa sauti yake, na samaki kwa magamba yake, lakini nondo ni kiumbe mwenye maumbo manne: yai, kiwavi, yule alalaye ndani ya gamba asile wala asitembee, na mwisho mwenye mbawa. Asiyeyafuata maumbo hayo yote hana budi kubahatisha. Na maadamu kiwavi wa namna nyingi hachagui majani ovyo, mti aliotoka hutupunguzia kazi sana.

Kazi iliyobaki ilikuwa kungoja, nayo ndiyo iliyowachosha wanafunzi. Wiki zikapita, kisha miezi. Kila Jumatatu mtoto mmoja alitumwa kutazama, akarudi na neno lile lile: "Hakuna kitu, Mwalimu." Wengine walitusihi tuupasue mfuko kwa kisu. Hata asubuhi moja tukakuta wavu umejaa nondo wadogo wanene wenye manyoya, mbawa zao rangi ya maziwa, zimepitiwa na mikanda ya hudhurungi. Darasa zima likasimama pale, hakuna aliyekumbuka kengele.

Kuna ndugu yake aitwaye kwa Kilatini Anaphe reticulata, ambaye mistari ya mbawa zake imeungana kama matundu ya wavu. Wetu hakuwa na matundu hayo, bali mikanda. Tulipoijumlisha mikanda hiyo na mkarati, na mfuko uliokaliwa na wengi, tukatoka na jina: Anaphe panda. Jina la panda alipewa na Mfaransa Boisduval mwaka 1847.

Maisha yake ni haya. Jike hutaga mayai mamia kwa fungu moja juu ya jani la mkarati, kisha huyafunika kwa manyoya anayoyatoa mwishoni mwa tumbo lake mwenyewe. Watoto wakianguliwa hawaachani kamwe. Hula pamoja, na wakihama hufuatana mmoja nyuma ya mwenzake, kichwa kwa mkia, kama msafara wa wapagazi wa zamani. Wakiisha kukua hushirikiana kufuma ule mfuko wa nje kwa hariri. Kisha ndani yake kila mmoja hujifumia chumba chake, akalala humo kwa miezi mingi. Kwa hiyo mfuko mmoja waweza kuwa na makumi ya wakaaji, pengine mamia. Na baada ya kungoja kote huko, yule mwenye mbawa huishi siku chache tu.

Mzee aliposikia habari hizo aliuliza swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa na wanafunzi: "Je, huliwa?" Huku kwetu kumbikumbi ni kitoweo, basi swali si la ajabu. Tukamweleza habari za Nigeria ya magharibi. Huko viwavi wa nondo aliye jamaa ya huyu, Anaphe venata, huliwa, na katika miezi ya mvua watu wengine walishikwa ghafula na ugonjwa: mwili ukatetemeka, miguu ikayumba kama ya mlevi. Wataalamu walionyesha ya kuwa ndani ya viwavi hao mna kitu kiharibucho vitamini iitwayo thayamini, nacho hakiharibiki upesi kwa moto. Waliokuwa wakiishi kwa muhogo na vyakula vya jinsi hiyo, wenye thayamini haba, ndio waliopatikana zaidi. Nao walipopewa vitamini hiyo walipata nafuu. Kwa hiyo mtu akituambia kwamba viwavi wa msituni huliwa, sisi humwuliza: viwavi gani, wa mti gani? Mzee akatikisa kichwa, akasema yeye atabaki na kumbikumbi wake. Panga akalirudisha nyumbani.

Na wale wale ndugu zetu wa Nigeria, Wayoruba, huifuma hariri ya jamaa hii ya nondo kuwa nguo ya heshima iitwayo sanyan, ivaliwayo katika arusi na sherehe kubwa. Hapa Kakamega pia wataalamu wamechunguza kazi ya hariri hii. Waliona kwamba viwavi wengi huuawa na nzi watagao mayai ndani ya miili yao, na nyigu, na chungu. Lakini tawi likivikwa mfuko wa wavu, wanaosalimika huwa wengi zaidi. Adui mwingine wavu haumzuii, naye ni shoka, kwa kuwa mkarati hutoa nguzo nzuri na kuni nzuri.

Hariri hii haivutwi uzi mmoja mrefu kama ile ya nondo wa kufugwa wa Uchina. Huchemshwa katika maji ya magadi mpaka gundi yake itoke, huchambuliwa, kisha husokotwa kama pamba. Wala si lazima mdudu afe, maana mfuko waweza kuvunwa ukiwa mtupu, wenyewe wakiisha kuruka.